Barua ya wazi kwa kamiti ya mfuko wa marehemu mwalimu wetu: punguzeni majina, muwafikishe wachache

Assalamu alaykum wazee wangu, na nyinyi kina mama mlio kwenye kamiti, na wale mlioko Mombasa, Nairobi na Jeddah mnaotuma chenu kila mwaka bila kusukumwa. Jina la marehemu sitaliandika hapa. Wenyewe mnajijua, na sitaki mtu ayachukue maneno haya ayafanye kama namsema yeye, mana watu waliopita darasani kwake mpaka leo wakimtaja wanamwombea kwanza ndo wanaendelea na mazungumzo. Ninalosema ni la mfuko, huu wa basari za vijana wa chuo uliowekwa kwa jina lake.

Mimi ni yule wa saiba ya Langoni hapa Lamu, pale watu wanapokuja kujaza fomu na kuprint. Fomu zenu zinapita kwenye meza yangu, za HELB ile bodi ya mikopo ya wanafunzi zinapita, za kaunti, za CDF ule mfuko wa eneo bunge, zote, kwa hivo naona mambo ambayo nyinyi kwenye kikao si rahisi kuyaona, kwa sababu kwenu karatasi inafika ishajazwa, ishapigwa muhuri wa chifu, iko safi, na mwenye shida mwenyewe hayuko hapo.

Ombi langu ni moja na nalisema mapema kabla hamjachoka kusoma. Punguzeni majina. Acheni kugawa kidogo kidogo kwa watu wengi mara moja alafu basi, mwakani wengine. Chukueni vijana wachache, wale ambao kwao kweli hakuna kitu, muwabebe kuanzia wiki ya kuripoti mpaka siku wanavaa joho.

Hesabu zenu za ndani ni zenu, mimi nachukua mfano tu. Tuseme mwaka huu imepatikana laki sita. Mkigawa elfu kumi kumi ni watu sitini, na hapo ukumbi utajaa, picha zitatoka nzuri, kila mtaa utatajwa, Mkomani, Langoni, Gadeni, Wiyoni, na Shela watapata, na Matondoni, na Faza, na Siyu, hakuna wa kununa. Laki sita hiyo hiyo kwa watu watano ni laki moja na elfu ishirini kila mmoja kwa mwaka. Elfu kumi haimfikishi mtu popote sa hizi. Laki na ishirini kwa mtoto ambaye serikali ishamlipia sehemu yake ni chumba, ni chakula, ni nauli ya kwenda na kurudi, na lile salio la karo linalomzuia kupata kadi ya mtihani. Anasoma huyo. Na nisiwafiche, hao watano ni watano kwa jumla, si watano wapya kila mwaka, mana mwakani hawa bado ni wenu, na mwaka wa tatu pia ni wenu. Mkitaka kila mwaka aingie mpya basi mnaanza na mmoja, pengine wawili. Najua vile hilo litapokewa kwenye kikao.

Lakini hebu niwaeleze elfu kumi yenu inavokwenda. Mnaandika cheki kwa jina la chuo, na mna sababu, hamtaki kijana aitumie vingine, sawa. Cheki inafika chuoni, inaingia kwenye akaunti ya mwanafunzi, na kama alikuwa anadaiwa elfu thelathini na nane sasa anadaiwa ishirini na nane. Alafu mtihani unafika na potali haimtolei kadi mpaka salio liwe sufuri. Ishirini na nane au thelathini na nane kwa ile potali ni mamoja. Kijana anadifa, yaani anaahirisha masomo, anarudi nyumbani, na pesa ya kumbukumbu ya mwalimu wetu inabaki imekaa kwenye akaunti ya chuo haimsomeshi mtu. Hakuna aliyeiba hapo, na hakuna aliyesoma.

Kuna binti mmoja wa upande wa Kizingitini, sitasema zaidi ya hapo. Mwaka wa kwanza alipata kwenu, akapata na kwengine kuwili, kwa jumla akasukuma. Mwaka wa pili akaja kwangu na bahasha, ndani ile stetimenti ya karo ameikunja mara nne, salio amelizungushia kwa biro nyekundu, tukatafuta fomu ya kujaza. Tukakuta kila fomu kule juu imeandikwa kwa wanaojiunga na chuo mwaka huu, na yenu pia imeandikwa hivo hivo. Akaniuliza, sasa mimi nishajiunga, naruhusiwa kuwa masikini au hapana? Nikacheka, yeye hakucheka. Sa hizi yuko kwao anasuka ukili na kusomesha watoto chuoni asubuhi, chuo cha Qurani sio kile alichokiacha bara, na ni mtu mwenye akili kuliko wengi wanaopita hapa kwangu kuprint.

Huyo mlimsaidia. Kwenye orodha yenu yumo, na picha yake iko ile ya kushika cheki kubwa la maboksi. Kumpakia mtu mashuani Mokowe ukamshusha katikati ya mkondo hakuhesabiwi kuwa umemvusha, ati kwa sababu nauli ya nusu njia umelipa wewe.

Mtasema kuna serikali, kuna kaunti, sisi tunaongezea tu. Basi tuangalie hao wengine walivo. Mwaka 2023 serikali ilibadilisha mfumo wa kulipia vyuo, ikaweka bendi 5 kulingana na uwezo wa familia. Bendi ya 1, ile ya walio chini kabisa, ufadhili ni asilimia 70, mkopo asilimia 25, familia inatoa asilimia 5. Bendi ya 5 familia inabeba asilimia 40. Desemba 2024 Korti Kuu ikasema mfumo huo unakwenda kinyume cha katiba, mambo yakapanda rufaa. Miezi michache kabla, Septemba 2024, korti hiyo hiyo ikasema sheria ya NG-CDF, ndo hiyo CDF, nayo ni kinyume cha katiba. Kufika Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti akawaandikia magavana kuhusu basari za kaunti, kwamba zisilipwe mpaka kuwe na makubaliano na serikali kuu, nalo likaishia kortini. Mimi si mwanasheria na sisemi nani ana haki. Nasema mtoto yuko mwaka wa pili, mambo yote haya yanampitia juu ya kichwa, na kila mlango alioambiwa agonge umeandikwa subiri.

Hapo ndo naona nguvu yenu ambayo pengine nyinyi wenyewe hamuioni. Mbunge ana kura za kutafuta kwa hivo lazima agawe kwa wengi, elfu tatu, elfu tano, kila nyumba ionje, na mimi simlaumu sana, ndo kazi yake ilivo. Marehemu hatafuti kura. Mfuko wake hauna uchaguzi 2027, hauna wadi, hauna kambi. Ni nyinyi peke yenu kwenye mui huu mnaoweza kumwambia mtoto wa miaka kumi na tisa, soma, miaka minne tuko nyuma yako, alafu ikawa kweli. Sasa kwa nini muige mtindo wa CDF?

Na kabla sijasahau, ile bendi inatoka kwenye fomu, na fomu inauliza mapato ya familia kwa mwezi. Wazee, nyinyi wengine mmevua, mwanijua nasema nini. Baba wa mtoto ni baharia, chombo si chake. Safari ikirudi inatolewa mafuta na barafu na chakula, inatolewa fungu la chombo, fungu la nyavu, kinachobaki ndo mabaharia wanagawana, na hapo bado tajiri mwenye chombo hajakata deni lake. Wakati wa kaskazi mambo yako vizuri, kamba wanapatikana, wageni wako, watu wanalipa madeni. Kusi ikikaza mwezi wa sita, wa saba, wa nane, vyombo vidogo haviwezi kutoka nje ya mwamba, na miezi hiyo hiyo ndo mtoto anaitwa chuo, mana vyuo vinafungua Agosti mwisho na Septemba. Sasa kwa mwezi anapata ngapi huyo? Nikiandika ya kaskazi anaonekana tajiri, nikiandika ya kusi mtu wa Nairobi anaona tumedanganya. Fomu yenu ingeweza kuuliza vizuri zaidi, lakini mmeikopi ile ya serikali neno kwa neno, hata ule mstari wa payslipu ya mzazi mmeuacha. Payslipu ya baharia!

Tena mnataka kopi ya kitambulisho cha baba. Baba yuko dago, kambi ya wavuvi, huko Kiwayu au mbele zaidi, netiweki hakuna, kitambulisho kiko kwenye mfuko wa nailoni pamoja naye, anarudi bamvua, yale maji makubwa, likiisha au tajiri akituma chombo. Mama anatoka Faza na barua ya chifu mkononi, na boti za kule saa yake inapangwa na maji, mana Mkanda, ule mkondo mwembamba wa kupitia, maji yakitoka hupiti, mnakaa hapo mnaangaliana na mikoko. Anaingia kwangu alasiri jua lishaanza kulala na fomu yenu mwisho ni saa kumi na moja. Mara ngapi nimempigia simu katibu wenu nikamwomba, na yeye ni muungwana, anapokea. Lakini kwa nini iwe ni kwa hisani ya katibu?

La tarehe nalo nilitie hapa hapa. Pesa mnazitoa siku ya hauli, ile kumbukumbu ya marehemu ya kila mwaka. Nia ni nzuri mno, dua inasomwa, watu wamekusanyika, wanafunzi wanaonekana. Ila hauli inafuata mwezi wa Kiislamu na kila mwaka inarudi nyuma kama siku kumi na moja, na chuo hakirudi nyuma, Septemba ni pale pale. Ilipoanza mfuko huu ilikuwa karibu karibu na kuripoti, sasa kila mwaka inazidi kuachana. Hauli ibaki ya dua. Pesa zifike kabla mtoto hajapanda basi Mokowe, mana wiki za mwanzo ndo zinaua, mkopo wa HELB bado haujaingia, chumba kinataka deposti, godoro, sufuria, na huko Eldoret au Maseno baridi imemkuta hana hata sweta. Wengi wanaovunjika wanavunjika hapo, wala si kwenye masomo. Yule wa Pwani University pale Kilifi anaweza kurudi nyumbani akala Ijumaa moja moja, wa bara hana hiyo.

Kuna jambo nililisoma zamani na huwa nalikumbuka nikiona fomu zenu. Kuna familia Marekani, hawa kina Kennedy, mtoto wao mkubwa Joseph alikufa vitani 1944, alikuwa rubani. Mwaka 1946 wakaweka mfuko kwa jina lake. Mwaka 1960 mwanasiasa wetu Tom Mboya alikuwa anatafuta pesa za ndege za kupeleka vijana wa Kenya kusoma huko, na mfuko huo wa marehemu ukatoa dola 100,000. Kwenye msafara wa mwaka ule alikuwemo msichana wa Nyeri, Wangari, huyu aliyekuja kuwa Wangari Maathai. Akaenda chuo kimoja Kansas, akakaa mpaka 1964 akatoka na digrii ya bayolojia, alafu akaunganisha na masters. Nobel ya 2004 mnaijua. Wale mabinti na wavulana waliopanda zile ndege hawakuwa na maisha rahisi, wengi walifanya vibarua huko, lakini chuo kilichompokea yeye hakikumlipia semesta moja kikamwambia nenda katafute kwengine. Angerudishwa mwaka wa pili leo tungekuwa tunamjua?

Wala hatuna haja ya kwenda Kansas. Riyadha, msikiti na chuo cha dini, iko hapa hapa, zaidi ya miaka mia sasa. Habib Swaleh, mwanachuoni aliyeianzisha, alifungua mlango kwa watu ambao wakubwa wa mui zama zile hawakuwataka kwenye majlisi zao, na wanafunzi wakaja kutoka pwani yote na bara wakawa wanalala pale na kula pale. Wazee wetu hawakumwita mtoto wa watu kutoka mbali wakamwambia darasa ni bure ila tumbo utajijua mwenyewe. Walijua kusomesha ni pamoja na sahani.

Na wakfu tunaujua sisi kuliko hao wote. Asili inakaa, kinachotoka ndo kinatumika. Sasa hivi mfuko wenu unaishi kwa mchango, mwaka wenye kheri unajaa na mwaka mbaya unapwaya, kwa hivo kweli mtaogopa kumuahidi mtu miaka minne. Basi mmoja wenu mwenye nyumba mui aweke wakfu chumba cha chini, kodi iingie mfukoni. Mwenye shamba la minazi Hindi au Mkunumbi aweke mistari miwili ya minazi. Wenye vyombo, mimi hili nawaomba sana, wekeni fungu moja la chombo kila safari kwa jina la mwalimu, yaani pale pale mnapogawa fungu la chombo na fungu la nyavu, mhesabu na fungu la mwalimu. Wavuvi hawatakataa, wengi aliwasomesha yeye au watoto wao. Hapo mnabeba watatu bila wasiwasi hata mchango ukilala.

Sasa la picha. Nitalisema haraka mana linanikera na nikilirefusha nitakosa adabu. Sisi ni watu wa stara. Mama ambaye jirani yake hajui kama jana hawakuwasha moto, mnamsimamisha mbele ya maikrofoni aeleze shida yake ndo mtoto apate. Kuna wasichana wawili nawajua hawakuomba kabisa kwa sababu ya siku ile, na walikuwa na haki kuliko waliopata. Wekeni picha ya marehemu, inatosha.

Na masharti ya gredi yapunguzeni. Serikali inakubali C+ kuingia chuo kikuu, nyinyi mnataka B+. Mtoto aliyepata C+ huko Lamu Mashariki, shule ambayo walimu wamehama kwa sababu ya usalama na fizikia amejisomea mwenyewe, huyo si dhaifu.

Mtaniuliza, na wale hamsini na tano waliobaki tuwaambie nini. Waambieni mapema na waambieni kweli. Mtu anayejua mwezi wa sita kwamba hayumo anahangaika kwengine, anayengoja mpaka hauli anapoteza miezi. Tengeni kidogo pembeni kwa hao, nauli tu ya basi na pesa ya saiba, hata mimi nitawajazia kwa nusu bei. Lawama mtapata, hilo sikatai. Kuna mtu atasema mmechagua watoto wa jamaa zenu. Dawa yake ni jina lisiwemo kwenye karatasi wakati wa kuchagua, namba peke yake, na wanaochagua wawili watoke nje ya kamiti, mwalimu mmoja wa sekondari na mmoja ambaye yeye mwenyewe alisoma kwa basari akamaliza. Wako, hapa hapa mui wako, hamjawahi kuwaita.

Na kijana akianguka somo msimtupe siku hiyo hiyo, mpeni nafasi ya kurudia mara moja. Mmoja wenu awe anampigia simu kila mwezi, si kumkagua, kumuuliza umekula.

Nimesikia kikao ni baada ya Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Fomu nishaitaipu upya, kurasa mbili badala ya sita. Payslipu nimeitoa, nimeweka swali la mapato ya kaskazi na mapato ya kusi mbalimbali, nimeweka mahali pa wanaoendelea mwaka wa pili na wa tatu, na jina liko ukurasa wa mwisho unaochanika. Kitambulisho cha baba kinaweza kuletwa baadaye. Atakayepita Langoni kabla ya siku hiyo aichukue, nishaprint za kuwatosha nyote, na yule wa Jeddah nitamtumia kwa WhatsApp.